UZI: Magodoro ya upepo kwa kambi ya familia (kipimo cha hema, baridi ya ardhi, pampu, kuziba tundu)

#1 KambiKaskazini

Habari zenu wakuu. Kila likizo ya katikati ya mwaka inapokaribia maswali ni yaleyale: ninunue godoro lipi, nijaze vipi, mbona limenywea alfajiri. Tuyamalize hapa pamoja, mwenye ujuzi aongeze.

Nitatumia mfano mmoja. Watu wazima wawili, watoto wawili wa miaka 6 na 9, gari lao wenyewe, hema moja. Usiku wa kwanza Tarangire, wa pili kambi ya Simba ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, miwili ya mwisho Seronera, Serengeti. Mwezi wa saba. Safari hiyo ina joto, miba, baridi na buti iliyojaa hadi juu, kwa hiyo godoro linaloifaa litafaa karibu popote.

Kosa linalowaliza wengi ni kudhani unene ndio joto. Lile godoro la PVC (plastiki laini) la sentimita 25 lenye mgongo wa velveti linaonekana kama kitanda cha nyumbani, lakini ndani ni hewa tupu. Hewa huzuia baridi pale tu inapotulia, imefungwa kwenye vitundu vidogo kama ndani ya sponji au blanketi. Ukiipa nafasi ya sentimita 25 inatembea. Kila mlalaji anapojigeuza, hewa iliyopozwa chini na pembeni inasukumwa kuja mgongoni. Ukingoni Ngorongoro uko karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa saba kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10. Hapo godoro hilo likiwa peke yake linampoza mtu usiku kucha hata akijifunika mablanketi matatu, kwa sababu baridi inatoka chini.

Uwezo wa godoro kuzuia baridi huandikwa kwa herufi R. Namba ikiwa kubwa, joto linapotea polepole zaidi. Mwaka 2018 ulitoka utaratibu mmoja wa kuipima, ASTM F3340, na kuanzia 2020 kampuni nyingi kubwa za vifaa vya kambi zikaufuata. Kabla ya hapo kila kampuni ilipima kwa njia yake, hivyo usilinganishe namba ya godoro la zamani na ya jipya. Kwa kukadiria: Bagamoyo au Kigamboni, R 1 inatosha. Tarangire, Mikumi, Seronera, tafuta 2 hadi 3. Ngorongoro, Lushoto mwezi wa saba, Naivasha, kuanzia 3 na kuendelea. Kitulo, ambako usiku wa Juni na Julai baridi hufika hadi jalidi, usiende chini ya 4. Kartoni isiyo na namba ya R kabisa, hesabu kwamba ni 1 au pungufu.

Aina ziko nne. Godoro la PVC la hewa tupu, nililokwisha kulieleza. Godoro linalojijaza lenyewe, ambalo ndani lina sponji: ukifungua vali sponji inatanuka na kuvuta hewa. Lile la sentimita 5 huwa na R ya 3 hadi 5 hivi, na la sentimita 10 hupita hapo. Godoro jembamba la wapanda milima, la nailoni au poliesta iliyopakwa TPU (plastiki inayovutika), lenye nyuzi au karatasi za kurudisha joto ndani. Hilo ni dogo kama chupa ya maji likikunjwa, ghali, na linapiga kelele mtoto akijigeuza. Mwisho ni mkeka wa sponji ngumu, usiopulizwa kabisa na usiotoboka.

Kwa familia yenye gari nachagua linalojijaza, sentimita 5 hadi 7.5, bila kusita.

#2 BabaMapacha

Asante mkuu. Na aliyekwisha kununua lile la sentimita 25? Alitupe?

#3 KambiKaskazini

Hapana, asilitupe. R hujumlishwa. Godoro la R 1 likiongezewa mkeka wa sponji ngumu wa R 2 unapata 3. Weka mkeka huo JUU ya godoro, chini ya shuka, usiuweke sakafuni. Ukiuweka sakafuni unalinda godoro na miba, lakini ubavu wote wa sentimita 25 unabaki wazi kwa hewa baridi ya hema. Ukiuweka juu, joto linazuiwa palepale linapotoka mwilini.

Kama hakuna mkeka, tandika blanketi zito la sufi au shuka mbili za Kimasai zilizokunjwa mara mbili chini ya mlalaji. Ukiwa na mablanketi mawili tu usiku wa Ngorongoro, moja litandikwe, moja lifunike. Watu hufunika yote mawili, na wanaamka mgongo wa barafu.

Halafu naomba hili lisomwe na kila mtu: asiingize jiko la mkaa hemani, hata lililobaki makaa mawili, hata mlango ukiachwa wazi kidogo. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na inaua waliolala. Baridi ya chini inatibiwa kwa tandiko.

#4 MamaHema

Kabla ya R, chukueni futi ya fundi cherehani mpime sakafu ya hema. Hapa ndipo pesa inapopotea.

Hema linaloandikwa "watu 4" mara nyingi sakafu yake ni sentimita 240 kwa 210. Maana yake mtengenezaji amempa kila mtu sentimita 60, bila begi wala viatu. Sasa godoro la PVC la watu wawili, lile kubwa, ni 152 kwa 203. Upana: 240 toa 152, zinabaki 88. Hapo analala mtoto mmoja tu. Mtoto wa pili hana pa kulala. Urefu: 210 toa 203, zinabaki 7, na kwa kuwa kuta za hema zinalala kuelekea ndani, godoro la sentimita 25 kwenda juu linagusa kitambaa kichwani na miguuni. Alfajiri kitambaa hicho kina umande wa pumzi za watu wanne. Mto unalowa, fuko la kulalia linalowa, na mtu anadhani hema linavuja.

Mpango unaoingia kwenye hema hilohilo ni huu: godoro moja linalojijaza la watu wawili, upana 132, kwa wazazi. Magodoro mawili ya mtu mmoja ya upana wa 51, urefu 183, kwa watoto. 132 na 51 na 51 ni 234. Zinabaki sentimita 6. Kwa unene wa sentimita 5 mpaka 7.5 ukuta unaolala hauna tatizo, kwa sababu huko chini hema bado ni pana. Mabegi yanabaki kwenye gari, viatu kwenye kibaraza cha hema.

Mlango nao muuangalie. Mlango ukiwa upande wa miguu, kila mtu anatoka bila kumkanyaga mwenzake. Ukiwa ubavuni, wa mlangoni awe mtu mzima, maana mtoto akiamka saa nane anataka kutoka, mzazi ajue. Kwenye hifadhi zisizo na uzio hili ni la usalama kabisa.

Mtu mzima mwenye mabega mapana au anayelala kifudifudi mikono imetanuka, 51 haimtoshi. Atafute la 63 au 64. Basi piga hesabu upya, na huenda ukahitaji hema la watu 6.

#5 FundiTurubai

Niingie kwenye kujaza.

Godoro la 152 × 203 × 25 kwa vipimo vya nje ni lita 770 hivi. Ukitoa mifereji na kona, bado una zaidi ya lita 600 za hewa. Sasa angalieni kwa nini pampu ya matairi haifai. Ile ya kuchomeka kwenye gari hutoa lita 30 mpaka 40 kwa dakika. Lita 600 ni zaidi ya robo saa ya kuunguruma mfululizo, inachemka, na mdomo wake umetengenezwa kwa vali ya tairi, hauingii. Pampu ya godoro ni kinyume chake: hewa nyingi, nguvu ndogo. Ya volti 12 ya magodoro inamaliza kazi hiyohiyo kwa dakika mbili au tatu. Isomeni ampea kabla ya kuichomeka: tundu la kiberiti cha gari nyingi lina fyuzi ya ampea 10 au 15. Pampu ya wati 150 ni ampea 12 na zaidi, kwenye fyuzi ya 10 itakata, na tundu la kuchajia simu linakufa pamoja nalo mpaka ubadilishe fyuzi. Injini iwe inawaka.

Msiende kujazia kwa kompresa ya sheli. Mgandamizo wake ni wa matairi. Godoro linahitaji kidogo sana, na kinachoachia kwanza si ngozi ya nje, ni zile kuta za ndani zinazoshikilia juu na chini. Zikiachia linatokea nundu kama boga, na nundu hiyo hakuna fundi wa kuirudisha.

Beba na pampu ya mguu au ya mkono ya akiba. Betri hufa, pampu ya mguu haifi. Angalia seti ya midomo: vali ya PVC ya zamani ina kizibo chembamba, mpya ina mdomo mpana wenye vifuniko viwili, magodoro membamba yana vali bapa. Midomo yote mitatu ifungwe kwenye mfuko mmoja na pampu, maana ikibaki nyumbani pampu ni uzito tu.

Ugumu sahihi: usilijaze likawa ngoma. Kaa katikati kwa makalio. Yasipogusa chini, na dole gumba likizama sentimita moja au mbili ukibonyeza, limetosha.

Linalojijaza: litoe mapema, mara tu hema linaposimama, litandaze kivulini, vali wazi, dakika 15 hadi 30. Ukilitandaza alfajiri ya baridi linachukua muda zaidi, kwa kuwa sponji baridi ni nzito kutanuka. Kisha maliza kwa pumzi tano hadi kumi, au kwa mfuko wa kujazia. Lililotoka kiwandani limebanwa miezi mingi. Nyumbani lifungue vali uliache limetandazwa hivyo usiku mzima kabla ya safari, la sivyo kambini litajaa nusu tu na utadhani ni bovu.

#6 Msafiri_Dodoma

Linajazwa jioni linakuwa gumu, saa tisa usiku limelegea, asubuhi ukitafuta tundu hulioni. Hilo nalo ni nini?

#7 MwalimuFizikia

Mara nyingi hakuna tundu, ndugu. Ni hesabu ya hewa.

Hewa ikipoa inanywea. Umejaza Tarangire saa kumi na moja jioni, nyuzi 30. Saa kumi alfajiri ni nyuzi 15. Kwa kipimo cha kelvini (nyuzi ongeza 273) ni kutoka 303 hadi 288, pungufu ya asilimia 5. Ukilijaza kwa mdomo ni zaidi, kwa sababu pumzi inatoka na joto la mwili na mvuke, na mvuke ukipoa unageuka maji ndani. Juu ya hapo, PVC mpya inatanuka yenyewe siku mbili tatu za kwanza. Kwa hiyo jaza jioni, halafu ongeza tena saa tatu usiku kabla ya kulala, hewa ikiwa imeshapoa. Kwa godoro jipya, lijaze nyumbani siku mbili kabla ya safari, liongeze, liache litanuke kabisa.

Mchana ni kinyume. Hema lililofungwa juani linakuwa tanuri. Hewa ndani ya godoro inataka kutanuka, na PVC yenyewe imelainika. Mnapotoka kwenda kuangalia wanyama saa kumi na mbili asubuhi, fungua vali kidogo ulilegeze, halafu ufunge vumbi lisiingie. Sekunde kumi zinatosha.

Mwinuko nao una lake. Kutoka Mto wa Mbu, mita 1,000 hivi, hadi ukingoni mwa Ngorongoro, mgandamizo wa hewa ya nje unapungua kwa karibu asilimia 15. Godoro linalojijaza lililokunjwa kwa haraka Tarangire, likabaki na hewa kidogo, vali imefungwa, litavimba ndani ya mfuko wake likiwa juu ya keria na kuvuta gundi ya kingo. Toa hewa yote kwa magoti, funga vali. Ukifika juu fungua vali hata kama hutandiki bado.

Namna ya kutofautisha na tundu halisi: lijaze mchana kivulini, weka juu yake mabegi mawili mazito, subiri saa mbili bila kubadilika kwa joto. Likilegea, sasa tafuta tundu.

#8 NaivashaWikendi

Huku Kenya familia nyingi zinazoenda Naivasha na Hell's Gate hutumia mikeka ya fumbo ya watoto, ile ya EVA (sponji nyepesi) ya 60 kwa 60, kwa sakafu nzima ya hema. Ni rahisi kupata na watoto wanacheza juu yake. Naivasha iko karibu mita 1,880, usiku si mchezo. Na chini yake huwekwa ile karatasi ya fedha ya dharura, inarudisha joto juu.

#9 MwalimuFizikia

Mikeka ya fumbo, naunga mkono kwa nguvu zote. Ile yenye unene wa sentimita 1.2 kwa makadirio inatoa R ya 1.5 hivi, na haitoboki. Kwa sakafu ya 240 × 210: safu tatu za vipande vinne ni 12, zinafika sentimita 180, na sentimita 30 zilizobaki unakata vipande viwili katikati. Jumla 14. Yape namba kwa kalamu upande wa chini, kuitandika ni dakika tano.

Karatasi ya fedha hapana, dada. Inarudisha joto pale tu panapokuwa na nafasi ya hewa mbele yake. Ikibanwa kati ya hema na mkeka, joto linapita kwa kugusana kana kwamba haipo. Inachobakiza ni kelele, na unyevunyevu chini ya mkeka asubuhi.

#10 KambiKaskazini

Kuna atakayeuliza: mbona tusibebe godoro la sponji la kawaida la nyumbani? Jibu liko kwenye ujazo. La futi 2.5 kwa 6, unene inchi 3, ni lita 100 na ushee. Manne ni lita 400 na zaidi, buti yote imekwisha kabla ya chakula. Linalojijaza la mtu mmoja likikunjwa ni mviringo wa kipenyo cha sentimita 20 na urefu 65, yaani lita 20. Lakini kama mna pikapu au keria yenye turubai zuri, sponji nzuri ya inchi 3 iliyo ngumu ni tandiko la kuheshimika, joto linazuiwa na hakuna cha kujaza. Adui wake ni maji. Likilowa Ngorongoro halikauki hata siku tatu.

#11 FundiTurubai

Kuhusu miba, kwa kuwa ndiyo sababu kubwa ya matundu huku kwetu.

Usipige hema chini ya mgunga hata kama kivuli kinakuita. Miba yake iliyokauka hudondoka mwaka mzima na ni migumu kama misumari, inapenya turubai, sakafu ya hema na godoro kwa pigo moja la goti. Mbigili ni mbaya zaidi kwa kuwa ni ndogo, ina rangi ya udongo, na vyovyote itakavyoanguka kuna mwiba unaotazama juu. Inaingia hemani kwa nyayo za viatu. Kwa hiyo sheria ya familia: viatu vinavuliwa nje, soli zinageuzwa, zinakaguliwa.

Kusafisha uwanja: fagia kwanza kwa tawi, halafu piga magoti na upapase eneo lote kwa gandambili ya mpira, ukiikandamiza. Miba inashika kwenye mpira, unaitoa, unaendelea. Mita 2.5 kwa 2.5 ni dakika kumi. Tandika turubai, lakini likunjwe liwe dogo kuliko sakafu ya hema kwa sentimita 5 kila upande, la sivyo likibaki nje linakusanya maji ya mvua na kuyaleta chini ya mgongo. Ndani, mkeka wa fumbo au blanketi kuukuu, kisha godoro. Mkeka wa ukindu au wa plastiki nao unafaa, ila kunja kingo zake kwa ndani, ncha zilizokatika zinachoma.

Tochi za kichwani, funguo, klipu za nywele, vikombe vya bati vyenye ukingo mkali, vyote vikae kwenye mfuko wa hema ukutani. Na watoto wasilirukie. Si nidhamu tu: miguu miwili ikitua pamoja inaipeleka hewa yote kona moja, na mshono wa kona ndio dhaifu kuliko yote.

#12 DadaMkunga

Naomba tukae kidogo kwenye watoto wachanga, sijaona aliyelitaja.

Mtoto mchanga ASILALE juu ya godoro la upepo. Maonyo kwenye kartoni nyingi yanataja miezi 15 na chini yake. Sababu: godoro linalegea usiku, linafanya bonde, uso wa mtoto unazama au anabanwa kati ya godoro na ukuta wa hema, na hana nguvu ya kujigeuza. Kulijaza zaidi hakuondoi hatari. Mlaze chali kwenye tandiko lake gumu na bapa, mkeka wa fumbo safu mbili na blanketi moja lililovutwa na kubanwa vizuri, bila mto, mbali na ukuta. Joto lake lipatikane kwa nguo, si kwa mablanketi yaliyolegea.

Wakubwa kidogo nao, usiwachanganye na mtu mzima kwenye godoro moja la hewa tupu. Baba wa kilo 85 na mtoto wa kilo 20: mtoto anateremka kwenye shimo la baba usiku kucha, na baba akijigeuza mtoto anarushwa. La sponji ndani halifanyi hivyo sana, lakini bado kila mtoto na lake ni bora. Anayekojoa kitandani, lake lifunikwe plastiki laini chini ya shuka. Mkojo ukiingia kwenye velveti hautoki.

#13 BabaMapacha

Asante sana dada. Fundi, sasa tundu limeshapatikana, liko kambini, usiku. Hatua kwa hatua tafadhali.

#14 FundiTurubai

Anza na vali. Matundu mengi "yasiyoonekana" ni chembe ya mchanga kwenye mpira wa vali. Ifungue, ifute kwa kitambaa chenye maji, pitisha kidole kwenye duara la mpira uhisi kama kuna chembe, funga, dondosha mate juu. Povu likitokea, mpira umekaa vibaya au umepasuka.

Vali ikiwa nzima: jaza godoro liwe gumu kuliko la kulalia. Kikombe cha maji na kijiko cha sabuni ya maji, koroga. Kwa sponji ya vyombo, paka kipande kwa kipande, anza upande wa chini, kingo, kisha mishono ya mifereji. Taa ya tochi ilale ubavuni ili povu litupe kivuli. Tundu la mwiba halitoi povu kubwa. Linatoa uzi mwembamba wa vipovu vidogo vyeupe, kimoja baada ya kingine, unaotambaa. Subiri sekunde kumi kila eneo. Ukilipata usifute kwanza: zungushia duara kubwa kwa kalamu ya wino usiofutika sentimita 4 kutoka kwenye tundu, mahali pakavu, maana wino haushiki kwenye sabuni. Mwiba ukiwa bado umo, uchomoe kwa kwenda ulikotokea, na ukague upande wa pili. Mwiba mrefu hutoboa mara mbili.

Toa hewa yote. Suuza sabuni, kausha, futa kwa spiriti, acha ikauke dakika tano. Hapa aina ya ngozi ndiyo inaamua, na hapa ndipo wengi wanaharibu.

PVC inataka gundi ya PVC laini na kiraka cha PVC, vile vinavyokuja na godoro. Kata kiraka mviringo, si mraba, kona hubanduka. Kivuke tundu kwa sentimita 2 kila upande. Paka gundi nyembamba pande zote mbili, subiri inate kidogo kidoleni, bandika kuanzia katikati kwenda nje, weka jiwe bapa juu, saa 12, bora 24. Gundi ya baiskeli haifai, imetengenezwa kwa mpira. Inashika usiku mmoja kisha inabanduka kama ngozi ya kitunguu. Gundi ya mabomba nayo hapana: inayeyusha ngozi nyembamba na ikikauka inakuwa ngumu, inapasuka ukikunja. Ile ya tone moja inayokauka kwa sekunde inavunjika vilevile.

Nailoni au poliesta yenye TPU inataka gundi ya poliyurethani ya mishono ya mahema. Kwa tundu la mwiba tone moja linatosha, bila kiraka, liache kwa saa nyingi kadiri maelekezo yanavyosema.

Kwa usiku huohuo, viraka vya kubandika vinavyovutika vinafanya kazi papo hapo. Tear-Aid wanavyo viwili: Type A ni ya vitambaa, Type B ni ya PVC. Ukivibadilisha havishiki. Kuwe na vyote viwili ndani ya boksi la huduma ya kwanza.

Tundu kwenye sehemu ya velveti: manyoya hayashiki gundi. Yakwangue kwa wembe, taratibu, mpaka uone plastiki laini, kisha fanya kama juu. Tundu kwenye mshono wenyewe au nundu, ni mwisho wa godoro hilo.

#15 Mitumba_Ilala

Kwa wanaochukua ya mtumba yanayojijaza: usilipie kabla ya kulifungua. Nusa vali huku ukilikandamiza, harufu ya mdomo wa mtungi uliofungwa ni ukungu ndani ya sponji, na hautoki. Papasa uso mzima kwa kiganja: ukinata, mpako umeanza kuoza. Lijaze kwa mdomo liwe gumu, litazame kwa ubavu. Panapovimba kuliko pengine, kitambaa kimeachana na sponji. Mkunjo wa mara kwa mara wenye mstari mweupe ndipo litakapotoboka.

#16 PwaniTu

Nyongeza ya huku Pwani, kwa kuwa wengi wanaharibu godoro likiwa nyumbani.

Kwanza, kwenye joto PVC inanata kwenye ngozi. Tandika kanga mbili za pamba, zifungwe kwa chini pembe kwa pembe zisisogee. Mchanga wa ufukweni ukipita kati ya godoro na sakafu ni msasa, pangusa miguu mlangoni kwa taulo.

Kurudi safari: lijaze tena, lifute kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, lisimamishe kivulini siku nzima. Jua kali la moja kwa moja linaikausha PVC mpaka inapasuka. Lililopulizwa kwa mdomo lina maji ndani. Puliza hewa kavu kwa pampu, itoe, rudia mara tatu au nne, vali ikibaki wazi usiku kucha.

Linalojijaza lisihifadhiwe limekunjwa. Sponji iliyobanwa miezi sita inasahau kutanuka. Litandaze wazi uvunguni mwa kitanda au lisimamishe nyuma ya kabati, vali wazi. Vali isiangalie sakafu, mende huingia.

La PVC lipake poda ya kawaida pande zote lisijigande, likunje kwa kulegea, na kila mara badilisha mstari wa kukunja. Liweke ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, si kwenye gunia. Panya wa stoo hawalali njaa palipo na gunia. Kipande cha karatasi kiwe juu ya mfuniko: tarehe ya kukaguliwa, tundu liko wapi, kiraka cha aina gani.